Kaka anasema baba hakuwa na historia, alikuwa mkulima tu

Mbukwa mama, na shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi sema sijawahi kukuandikia, leo nimeona nishike simu niandike maana hili jambo likizidi kukaa kifuani nitaumwa kweli. Jina langu naomba usiliweke na kijiji usikitaje, sema tu ni wilaya ya Chamwino huku Dodoma, inatosha.

Baba yetu alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Hakuumwa muda mrefu, ni uzee na kifua, na hata alipokuwa kitandani hawezi kuinuka alikuwa anauliza zabibu zimeshaanza kupata rangi au bado, na nani anaenda kulinda ndege kwenye uwele. Siku chache kabla hajaondoka, akili zikiwa zake kabisa, aliniita akaniambia usiache ule mtaro wa juu uzibe, maji yakija yatabeba shamba. Hayo ndo maneno yake ya mwisho kwangu, hakuongelea mali wala nini, ni mtaro.

Kwenye mazishi mambo yalienda haraka sana, ilikuwa mvua, watu walikuwa kwenye palizi, historia ya marehemu ilisomwa dakika mbili ikaisha tukaenda makaburini. Tukakubaliana kama familia kwamba mwezi wa tisa watu wakiwa wameshavuna tutafanya ibada ya shukrani, tujengee kaburi na kuweka msalaba, na hapo ndo isomwe historia yake vizuri. Nimechaguliwa mimi kuisoma kwa sababu ndo niliyebaki nyumbani na wazee, wenzangu wote wako mjini.

Sasa kaka yetu mkubwa yuko Dar ana kazi nzuri, yeye ndo akaandika hiyo historia akanitumia wasap. Mama, nimeisoma nimelia. Inasema marehemu alizaliwa tarehe 1 Julai 1945, hakubahatika kupata elimu, enzi za uhai wake alijishughulisha na kilimo, ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu. Basi. Mistari minne. Halafu kurasa mbili nzima zinazofuata ni sisi watoto, huyu mhasibu wapi, huyu mwalimu wapi, mkwe fulani meneja. Nikampigia nikamwambia kaka mbona baba hayumo humu, akanijibu sasa dada tuandike nini, mzee hakuwa na historia, alikuwa mkulima tu, wageni wa mjini wanataka kusikia familia imefika wapi.

Iliniuma mpaka leo inauma. Huyu mtu alikuwa anaamka jogoo la kwanza. Jembe lake liko hapa kwangu, mpini umelika pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa unashika, ukiweka kidole chako kinaingia kwenye shimo. Mbegu ya uwele hakuwahi kununua mimi nikiwa na akili, alikuwa anapita shambani kabla ya mavuno anafunga kamba kwenye masuke anayoyataka, yale marefu yaliyojaa mpaka kwenye ncha, na hayo yalikuwa hayaguswi na mtu, yanakuja kuning'inizwa juu ya jiko la mama yapate moshi mpaka Desemba. Visiki vya migunga shambani alikuwa anaviacha vichipue, anachagua tawi moja mengine anakata, watu wakimwambia mzee unafuga pori anacheka tu, leo shamba letu ndo lenye kivuli na majirani wanakuja kuomba majani ya mbuzi. Miaka ya themanini kaka alipofaulu kwenda sekondari Tabora baba aliuza dume lake la kulimia, yule aliyempenda kuliko wote, akanunua sanduku na godoro na nauli ya treni, mwaka ule tukalima kwa mikono familia nzima. Mtu kama huyo hana historia?

Kuna jambo lingine. Baba mdogo alifariki mapema akaacha watoto watatu, mama yao akaolewa kwingine, baba akawachukua wakiwa wadogo akawalea na sisi, tumelala ngozi moja, tumekula chungu kimoja, wanamwita baba mpaka kaburini. Kwenye ile karatasi ya kaka hawapo. Anasema wataleta shida kwenye mirathi tukiwaandika watoto.

Na mwisho, kaka anataka kaburi lijengwe la taili na paa na picha ya baba kwenye jiwe, bajeti yake ni kubwa, na anasema tuuze lile shamba la zabibu maana tangu serikali ihamie Dodoma ardhi huku imepanda bei na mteja ameshampata. Mama yetu bado hajaambiwa. Ndo anakula kutokana na lile shamba.

Kwa hiyo mama naomba unisaidie. Kwanza hiyo historia ya mtu ambaye hana cheti hata kimoja inaandikwaje? Hata mwaka wa kuzaliwa hatuna uhakika, hiyo 1945 mama anasema karani wa kitambulisho aliandika tu, yeye anachojua ni kwamba baba wakati wazungu wa karanga wanakuja Kongwa alikuwa ameshaanza kuchunga ndama. Na kaka nimwambieje bila kuvunja undugu, maana ni mkubwa na ametusaidia sana, sitaki kumkosea heshima. Asante mama.

Majibu

Mbukwa mwanangu, marahaba. Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma nikarudia, na nikwambie ukweli historia ya baba yako umeshaiandika, iko hapo katikati ya barua, kwenye ile sehemu uliyoandika kwa uchungu kuhusu jembe na masuke na visiki. Kilichobaki ni kuipanga na kuiongezea nyama.

Nianze na huo mwaka maana ni kitu rahisi na kinawakosesha watu usingizi. Mama yako amekupa jibu. Ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa ulianza mwaka 1947, ukafa mapema 1951, na huku kwetu ndama wanachungwa na watoto wa miaka 6, 7 hivi, mbuzi ndo wanafuata, ng'ombe wakubwa baadaye kabisa. Mtoto aliyekuwa anachunga ndama 1947 hawezi kuwa amezaliwa 1945, angekuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo andika "alizaliwa mnamo mwaka 1940" na hilo neno mnamo usione aibu kulitumia, ni la kweli kuliko hiyo tarehe 1 Julai. Halafu thibitisha na vitu vingine: tafuta mzee yeyote aliyetiwa jando naye, muulize waliingia jandoni kabla ya uhuru wa 1961 muda gani, muulize mama walioana kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967, kaka yako mkubwa alizaliwa kabla hawajahamishiwa kwenye vijiji au baada. Makarani wa sensa wenyewe wakikutana na mzee asiyejua umri wake wanamuuliza matukio namna hiyo hiyo. Ukipata matatu yanayokubaliana inatosha.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe. Ugumu unaoupata na anaoupata kaka yako unatokana na hiyo fomu ya wasifu tunayoisikia kila msibani, alizaliwa, alisoma shule fulani, aliajiriwa mwaka fulani, alipandishwa cheo, alistaafu. Ile imetengenezwa kwa ajili ya mtumishi. Ukimwingiza mkulima kwenye fomu ya mtumishi kila mstari unatoka mtupu, hakusoma, hakuajiriwa, hakupanda cheo, na mtu anaondoka pale anadhani marehemu aliishi miaka 85 bila kufanya kitu. Achana na hiyo fomu kabisa. Maisha ya mkulima yanaenda na ardhi na mvua na watu aliowalisha, na wewe yapange hivyo.

Anza na alipotoka. Mwanangu, wazazi wa baba yako kama walikuwa huku Ugogo basi wao au wazazi wao walipita kwenye Mtunya, ile njaa ya 1918 mpaka 1920 baada ya majeshi ya vita vya kwanza kupita na kuchukua ng'ombe na chakula, watu walikufa wengi sana. Waliobaki ndo walilea watoto kama baba yako, na ukitaka kujua kwa nini mzee wa Kigogo hatupi suke wala hachezei kihenge, ulizia alilelewa na nani. Muulize mama kama marehemu aliwahi kusimulia habari za wazazi wake na njaa. Kama alisimulia, hiyo ndo aya yako ya kwanza.

Halafu kuhama. Operesheni Dodoma mwaka 1971 iliwatoa watu kwenye tembe zao zilizokuwa zimetawanyika ikawaweka kwenye vijiji vya ujamaa, na baba yako wakati huo ni kijana wa miaka 30 na kidogo ana mke na watoto. Mahame yake yako wapi? Tafuta mtu akupeleke pale, hata kama kumebaki mbuyu tu na alama ya ukuta. Uliza aliondokaje, alibeba nini, nguzo na mafito alivibomoa akaenda navyo au aliviacha, ng'ombe alipeleka wapi, shamba jipya alipewa na nani na alilikuta likoje. Mtu aliyeanza upya na watoto wadogo mkononi, na haikupita miaka mingi ukame wa 1973 na 1974 ukaja, watu wakala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, hapo kuna habari nzito mwanangu, na mama yako anaijua yote maana yeye ndo alikuwa anapika hicho kidogo kilichopatikana.

Ukimaliza hapo ndo uingie kwenye kazi yenyewe, na hapa usiwe mfupi. Sisi wa huku tumezoea mpaka hatuoni. Dodoma mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 mpaka 600, inaanza Desemba inaisha Aprili, na Februari katikati mara nyingi inakata mazao yakiwa machanga. Msimu ni mmoja, ukikosea umekosea mpaka mwaka unaofuata. Kulisha nyumba ya watu zaidi ya kumi kwa mvua hiyo zaidi ya miaka 60 ni utaalamu, na watu wanaofanya utafiti wa kilimo wanatumia miaka kuyajua anayoyajua mzee kama huyo. Alikuwa anachagua mbegu kwa macho kila mwaka, masuke marefu yaliyojaa mpaka ncha, maana yake alikuwa anatengeneza mbegu inayoendana na lile shamba lake na ile mvua yake. Moshi wa jikoni unazuia wadudu. Hivyo visiki alivyoviacha vichipue, leo kuna watu wanazunguka vijiji vya Dodoma kufundisha jambo hilo hilo wanaliita kisiki hai, baba yako alikuwa anafanya watu wakimcheka. Na mtaro wa juu unapunguza mbio za maji ya mvua ya kwanza ambayo yanakuja kwa kishindo ardhi ikiwa kavu, bila huo udongo wote wa juu unaishia korongoni. Mzee anayekata roho akiwaza mtaro anajua anachokiwaza.

Kwa hiyo uliza sana kwenye eneo hili, uliza vitu vya mkono. Alikuwa anapanda kavu au anasubiri mvua ya pili? Alikuwa anaberega, yaani kupanda bila kulima kwanza, au analima kwa ng'ombe? Karanga na njugu mawe aliziweka upande gani wa shamba na kwa nini? Alijuaje mvua imekaribia, aliangalia mti gani, ndege gani? Kihenge chake kilijaa mwaka gani mpaka akaongeza kingine? Zabibu alianza lini na miche alitoa wapi, na nani alimfundisha kupogoa? Alipoalika watu kulima mama alipika togwa au pombe, na nani walikuwa hawakosi? Hao waliokuwa hawakosi ndo uwatafute, wengine bado wapo hapo hapo kijijini wanaota jua, wakae chini ya mti waongee, wewe simu iwe inarekodi tu. Nenda nao shambani ikiwezekana, mtu akiwa amesimama kwenye shamba anakumbuka mambo ambayo sebuleni hayamjii.

Nakuandikia hapa kipande kidogo ili uone ninachosema, wewe utakinyoosha:

"Baba alizaliwa mnamo mwaka 1940. Wakati mradi wa karanga unaanza Kongwa yeye alikuwa anachunga ndama. Shule hakwenda. Mwaka 1971 akiwa na familia changa alihamishwa akaanza shamba jipya kwa jembe la mkono, shamba ambalo ndilo tumekula mpaka leo. Mbegu yake ya uwele aliichagua mwenyewe kila mwaka na hatukuwahi kumuona ananunua mbegu. Aliacha miti ikue kwenye shamba lake na leo mbuzi wa majirani wanakula majani yake. Mwanawe wa kwanza alipofaulu kwenda sekondari Tabora, baba aliuza dume lake la kulimia akanunua sanduku, godoro na tiketi ya treni, na mwaka huo familia ililima kwa mikono. Ndugu yake alipofariki aliwachukua watoto watatu akawalea pamoja na wake sita. Ameacha mjane na watoto tisa."

Ona, hakuna cheo hata kimoja humo na hakuna sifa ya kupamba. Kila mstari ni kitu alichokifanya. Usiandike alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, maneno hayo kila marehemu anapewa. Mistari kama hii ukiisoma mbele ya watu hata huyo mgeni wa mjini atanyamaza, kwa sababu wengi wao wamesomeshwa na dume kama hilo.

Umeona nimeandika watoto tisa, na hapo sibadiliki. Mtu aliyelelewa na baba yako, akalala ngozi moja na nyinyi, akamzika kama baba, huwezi kumfuta siku ya kumkumbuka, na ukimfuta unafuta na jambo kubwa alilolifanya mzee, la kubeba watoto watatu juu ya sita kwenye nchi ya njaa. Hofu ya kaka yako kuhusu mirathi naielewa lakini karatasi inayosomwa kanisani haigawi mali. Nani ni mrithi na kwa kiasi gani hilo litaamuliwa kwa utaratibu wake, kwenye kikao cha ukoo na mahakamani. Mambo haya mawili myatenganishe, na umwambie kaka hivyo hivyo, inaweza kumpunguzia wasiwasi.

Kuhusu kaka mwenyewe. Mwanangu, simuoni kama mtu mbaya. Naona mtu aliyetoka kijijini na sanduku, akafika mbali, na huko alikofika amezoea kusikia watu wanapimwa kwa vyeo, sasa anataka baba yake aheshimiwe mbele ya wageni wake na anatumia kipimo anachokijua. Hata hilo kaburi la taili ni mapenzi. Kwa hiyo usimbishie kwenye grupu la familia mbele ya wadogo zake na mashemeji, hapo atajitetea tu na maneno yatatoka ambayo hayarudi. Mpigie jioni akiwa ametulia, msalimie vizuri, halafu usianze na historia, muombe akusimulie ile siku baba alipomsindikiza stesheni Dodoma kwenda Tabora. Baba alivaa nini, walitembea au walipanda gari, alimwambia nini kabla treni haijaondoka, na lile dume liliuzwa kwa nani. Mwache aongee. Wewe rekodi au andika. Akimaliza mwambie kaka, kipande hiki naomba siku ile ukisome wewe mwenyewe, mimi nitasoma kingine chote. Mkubwa umempa nafasi yake, heshima hujamvunjia, na baba ameingia kwenye historia kwa mdomo wa yule yule aliyesema hana. Kama bado anataka vyeo vya watoto vitajwe, kubali, aya moja mwishoni, inasomwa kwa haraka. Hilo si la kugombania.

La kugombania ni shamba. Hapo nataka uwe na msimamo na usiogope. Mali ya marehemu hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuiuza, awe mkubwa awe mdogo, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Utaratibu ni kwamba mnachukua cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, ukoo unakaa kikao unapendekeza jina la msimamizi, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, halafu mnafungua shauri mahakama ya mwanzo. Huyo msimamizi naye hapewi mali iwe yake, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa kwa wanaostahili, kisha anarudisha taarifa mahakamani. Huyo mteja akitoa hela leo ananunua kesi, na ni vizuri kaka yako ajue hilo kabla hajapokea hata advansi. Na bei hizo za ardhi tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia zimewafanya wengi huku wauze mashamba ya wazee haraka haraka, hela ikaisha mwaka huo huo, mama mjane akabaki anaomba unga. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale wilayani wakuelekeze kwa msaidizi wa kisheria, wapo wanaosaidia bila malipo.

Mama yenu aambiwe, na aambiwe wiki hii. Amelima hilo shamba na marehemu, amepalilia, amebeba vikapu vya zabibu kichwani kila mavuno na huku kwetu mavuno ya zabibu ni mawili kwa mwaka, halafu mteja apatikane kabla yeye hajaulizwa? Usimwambie peke yako ukaonekana unamchongea kaka. Mchukue mzee mmoja wa ukoo, baba mkubwa au shangazi yenu anayeheshimika, mkae naye watatu, aelezwe kuna wazo hili, yeye anasemaje. Akisema hapana, huyo mzee ndo apeleke jibu kwa kaka yako. Litakuwa zito kuliko likitoka kwako.

Kaburi mtajenga. Saruji na msalaba mzuri wenye jina na mwaka ulio sahihi vinawezekana kwa michango ya watoto tisa bila kugusa ardhi, na mafundi wa kujengea makaburi wapo huko huko vijijini. Hiyo bajeti ya paa na picha kaka akitaka kuitoa mfukoni mwake mwacheni aitoe.

Na kabla ya yote hayo, kabla hata ya kumpigia kaka, kaa na mama. Asubuhi akiwa hajachoka, amekunywa uji wake. Mwache aongee Kigogo, usimkatishe na usimtafsirie hapo hapo, tarehe akikosea usimsahihishe, mtazipanga baadaye. Muulize alimuona wapi mara ya kwanza. Rekodi zote zihifadhi kwenye simu mbili, maana simu zinapotea, na nyingine mtumie kaka.